Baba Kinu na Mama Cherehani: shajara ya katuni yetu

8 Februari

Tumeanza. Tupo watatu: mimi ninayechora, Mwalimu anayeandika, na Dogo wa sauti, ambaye studio yake ni chumba kimoja Chikongola, hapa Mtwara mjini, chenye magodoro mawili yaliyoegemezwa ukutani. Mchana nipo steshenari, natoa kopi na kupiga picha za paspoti. Kuchora ni kuanzia saa tatu usiku. Naandika hapa ili tukikwama tujue tulikwamia wapi, na ili mwenzetu mwingine wa kusini anayetaka kutengeneza katuni asirudie makosa yetu bure.

Kisa chenyewe: watoto watatu wa Mikindani, Somoe (11), Dadi (8) na Kibwana (4), wamefiwa na wazazi wote wawili. Arobaini imesomwa, ndugu wamekaa kikao na kuwagawana kama mafungu ya dagaa: mmoja Masasi, mmoja Lindi, mmoja Dar. Somoe hataki. Nyumbani vimebaki vitu viwili ambavyo hakuna ndugu aliyevigombea, maana ni vizito na vimechakaa: injini ya mashine ya kusaga ya marehemu baba yao, na cherehani ya marehemu mama yao. Usiku mmoja Somoe anafunga simu yenye kioo kilichopasuka kwenye injini, nyingine kwenye cherehani, na kunakucha nyumba ina wazazi. Atakayeuliza imewezekanaje ataambiwa hii ni katuni.

Ni vichekesho. Nilisita kidogo, nikaona watu watasema tunafanya mzaha na misiba ya watoto. Mwalimu, ambaye darasani kwake watoto wa namna hiyo hawakosekani, akanikata kauli: "Yatima naye anacheka. Tena anacheka kuliko wewe."

Kipindi cha kwanza kitakuwa cha dakika saba.

15 Februari

Michoro yangu yote ya roboti nimeitupa.

Nilikuwa nimechora wale wa kung'aa, macho ya buluu, vifua kama friji mpya. Mwalimu akaja na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ameipakua kwenye simu. Mimi nilidhani habari ya kuasili tungeimaliza kwa mzee mmoja kugonga muhuri. Kumbe amri ya kuasili inatolewa na mahakama, na muombaji asiye ndugu lazima awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21. Tukatazamana. Roboti ana umri gani? Aliyetoka kiwandani juzi ni mdogo kuliko Kibwana!

Hapo ndipo injini kuukuu ilipogeuka dhahabu. Kwenye ubavu wa Baba Kinu sasa kuna bamba la kiwandani lililoandikwa 1978. Mama Cherehani ni ile Singer nyeusi ya kukanyaga, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika nusu, kama ya bibi yangu, na umri wake hataki kuutaja. Katika mahojiano, afisa ustawi wa jamii anauliza kwa dharau, "Mwombaji ana miaka mingapi?" Baba Kinu anageuza ubavu. Afisa anasoma bamba, anavua miwani, anasimama: "Shikamoo."

Nimecheka peke yangu dukani mpaka mteja akauliza kama picha zake zimeharibika.

2 Machi

Nanguruwe, kurekodi injini. Hapa mjini mashine nyingi siku hizi ni za mota ya umeme, zinalia kama nyuki. Sisi tunataka ile ya dizeli yenye kikohozi.

Msagaji ni mzee mrefu, nyusi na kope zake nyeupe kwa unga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza shida yangu. Akasema, "Subiri kwanza, huyu asubuhi hapendi kusumbuliwa." Nikageuka kutafuta ni nani. Hakukuwa na mtu. Alikuwa anaisema injini.

Akachomeka hendo. Akaanza kuzungusha huku mkono mwingine umeinua kile kikono cha kuiachia pumzi, gurudumu likapata mwendo, akakiangusha kikono. Injini ikakohoa mara mbili, ikatema moshi mweusi, ikashika. Pembeni pipa la maji ya kuipooza likaanza kutetemeka. Dogo akatandaza maiki mbili, moja kwenye bomba la moshi, nyingine ndani karibu na mkanda. Ya ndani ilijaa unga kabla ya saa moja kwisha. Funga soksi nyembamba juu ya maiki, usisubiri kuambiwa kama sisi.

Lakini nilichokipata Nanguruwe hakikuwa sauti. Ndani ya banda lile huwezi kusikilizana, kwa hiyo mzee na wateja wake wanaongea kwa mikono. Vidole viwili ni madebe mawili. Kiganja kikipepewa ni punguza mwendo. Mama mmoja alipojitwika ndoo yake aondoke, mzee akamzuia, akachota unga kidogo, akausugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada, macho ameyafumba. Akatikisa kichwa. Akaumwaga tena kinuni usagwe mara ya pili, na mama yule wala hakuuliza.

Ile ya vidole nimeichora mara kumi na nne kwenye daladala wakati wa kurudi. Baba Kinu hataweza kumkumbatia mtu, bomba lake la moshi linachoma. Atakuwa anamshika Kibwana kwenye kishungi cha nywele, anakisugua hivyo hivyo kwa vidole viwili, kisha anaitikia kwa kichwa au anatikisa.

9 Machi

Nilichora kichwa cha Baba Kinu kwa mfano wa lipiko, ile barakoa ya Kimakonde ya kuvaa kichwa kizima. Kilipendeza sana. Mchongaji mmoja jirani yetu akakitazama kwa muda, akaniambia taratibu kwamba mapiko yana wenyewe na yana mahali pake, na mtoto ambaye hajachezwa hapaswi kulizoea lile kama sura ya baba wa nyumbani. Nimekitoa. Kichwa sasa ni lile faneli la bati la kumiminia mahindi, na mfuniko wake ndio mdomo.

23 Machi

Tukio la "piga" limekamilika kwenye maandishi na ndilo la kwanza nitakalochora.

Lilizaliwa tukiwa tunakula ming'oko nje kwa Mwalimu. Dogo alikuwa anatuonyesha jinsi roboti anavyoelewa maneno, kwamba anachukua neno moja moja kama lilivyo. Nikasema basi huyu akiambiwa apige simu, ataipiga. Mwalimu akaacha kutafuna. Tukaanza kuhesabu: piga pasi, piga deki, piga mswaki, piga picha, piga kengele, piga chapa, piga mbizi, piga soga. Lugha yetu hii inamtuma mtu kupiga kutwa nzima.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya malezi, Somoe anamwachia Baba Kinu maagizo ya asubuhi na kwenda kuteka maji. Anarudi anakuta simu vipande viwili, pasi imebonyea, sakafu ina ufa, mswaki wa Kibwana umepondwa, na picha ya ukutani ya marehemu babu imelala kifudifudi. Mama Cherehani ameambiwa akate tiketi ya basi la Lindi, ameikata vipande sita, tena kwa ustadi, ameipiga na pindo. Somoe anashika kichwa, anapaza sauti: "Baba Kinu, piga kimya!" Baba Kinu anasimama. Anatazama kulia. Anatazama kushoto. Anakunja ngumi, anatafuta kimya kiko wapi. Sekunde nne hakuna sauti yoyote, hata injini. Ndiyo mara ya kwanza kwenye filamu yote injini inanyamaza.

Mwalimu alitaka aongeze utani wa lafudhi, kwamba Mjomba mtu azungumze kama wale Wamakonde wa vichekesho vya Dar. Nimekataa, na hili nililikataa kwa ukali. Tumefanywa walinzi wa geti kwenye michezo ya watu miaka yote, hatuwezi kujifanyia wenyewe Mtwara. Mjomba atachekesha kwa tabia yake. Tabia anazo za kutosha: ni mjomba wa msimu. Huku kwetu mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake, na huyu sauti yake inasikika fedha za korosho zikianza kuingia, maana watoto wameachiwa mikorosho. Masika humwoni. Mikorosho ikianza kudondosha, yuko kibarazani ameshavua viatu.

6 Aprili

Kurekodi watoto. Sauti zote tatu ni za watoto wa mtaa mmoja, wazazi wao wamekubali na mmoja wa wazazi alikaa nasi mwanzo mpaka mwisho. Magodoro dirishani, khanga tatu mlangoni. Tumesimamishwa na adhana, na jogoo, na bodaboda aliyekuwa anajaribu ekzosi mpya, na mvua juu ya bati kwa dakika arobaini. Huyu wa Kibwana alilala katikati ya mstari wake. Tumeuacha mkoromo, utatumika.

20 Aprili

Hesabu ambayo ningeipata Februari pengine nisingeanza.

Filamu inakwenda fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Sisi tunachora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, kwa hiyo 12 kwa sekunde, na dakika saba ni sekunde 420. Michoro 5,040. Kwa bahati mtu akisimama tu, mwili unabaki ule ule na unabadilisha macho na mdomo, lakini hata hivyo nimekaa kimya nikiitazama ile namba.

Wazazi wametuokoa. Baba Kinu mdomo wake ni mfuniko: umefunguka, umefungwa, basi. Mama Cherehani anaongea kwa sindano kupanda na kushuka. Midomo ni ya watoto, Mjomba na maafisa. Na hapo Kiswahili kina huruma na mchoraji. Mafunzo niliyokuwa nafuata yalitengenezwa kwa Kiingereza, yana midomo mingi ya konsonanti, nikapoteza wiki nzima kuichora. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwenye irabu, na irabu ni tano. Nimebaki na midomo minane: a, e, i, o, u, mmoja wa kufunga kwa m, b na p, mmoja wa meno kwenye mdomo wa chini kwa f na v, na mmoja wa mengine yote. Kweli "thelathini" na "dhahabu" zinataka ulimi uonekane, lakini Dadi hasemi thelathini popote.

Tahadhari moja: m inayosimama peke yake. Kwenye "mtoto" niliipa mchoro mmoja, mdomo ukafunguka upesi mno, ikawa masikio yanasikia mtoto na macho yanaona toto. Ipe michoro miwili, ikiwezekana mitatu.

Nachorea Krita, nahuisha kwa Blender. Zote ni programu za kompyuta za bure.

11 Mei

Ustadhi alikuja dukani kutoa kopi za mtihani wa madrasa, akaona Somoe kwenye kioo cha kompyuta. Akauliza binti huyu ni nani, nikamsimulia. Akasikiliza vizuri, akacheka kwenye tiketi. Kisha akauliza, "Na wakishalelewa na hao wataitwa nani?"

Nikasema, Somoe Kinu, Dadi Kinu.

"Hapo hapana, kijana wangu. Mlee, mlishe, mvishe, ni thawabu. Lakini jina la baba yake muachie. Al-Ahzab, aya ya tano, kaisome."

Nimeisoma. Nimemsomea na Mwalimu, ambaye ni Mkatoliki wa Masasi, akasema hiyo ni bora kuliko tulichokuwa nacho. Kwenye ofisi, afisa anajaza fomu: jina la baba? Baba Kinu anajibu, "Athumani." Afisa anaandika. Halafu anainua macho: "Athumani ndiye wewe?" "Athumani ni baba yao." "Sasa wewe ni nani?" Mfuniko unafunguka, unafungwa, unafunguka. "Mimi ndiye ninayesaga."

Dogo ameomba pale asiweke muziki.

28 Mei

Umeme umekatika mara tatu wiki hii wakati narenda, yaani kompyuta inatengeneza picha za mwisho za filamu. Dakika saba ni fremu 10,080, na kwa laptopu yangu kila fremu inachukua kama sekunde ishirini, yaani saa 56. Mara ya kwanza nilikuwa natoa faili moja la video. Umeme ukakatika, betri yangu ikafa kama mshumaa, faili likaharibika lote, saa kumi na tisa zikaenda na maji. Sasa natoa picha moja moja, kila fremu faili lake, halafu naziunganisha mwishoni. Umeme ukikatika unapoteza fremu moja, ukirudi unaendelea ulipoishia. Najua wakongwe wanalijua hili. Hakuna aliyeniambia.

6 Julai

Jambo ambalo hakuna kitabu kingenitayarisha nalo. Yule kijana wa sauti ya Dadi alikwenda jando likizo hii. Amerudi juzi, kanzu mpya, kofia, anatembea taratibu kama diwani. Tulikuwa tumebakiza kurudia mstari wake mkubwa, ule wa dakika ya sita, anapomlilia Baba Kinu injini imezimika.

"Anko, mimi silii tena."

Nikamwambia siye yeye anayelia, ni Dadi.

"Sauti ya nani?"

Nikamtuma Mwalimu. Naye akarudi mikono mitupu. Mama yake kijana anacheka tu, anasema muacheni, atasahau kabla ya Desemba. Desemba!

19 Julai

Onyesho la kwanza la majaribio, uani kwa Mwalimu, Magomeni. Shuka jeupe, projekta ya kuazima, watoto ishirini na kitu kwenye mikeka, wengi chini ya miaka kumi. Mstari wa Dadi tumeuacha ule wa rekodi ya Aprili wenye jogoo kwa mbali.

Lazima kwanza nieleze tulichokuwa tumekipanga, maana ndicho nilichojivunia kuliko vyote. Kwenye skripti, watoto wanaanza kwa kuwasema wazazi wa chuma kwa ngeli ya vitu. "Lidude limeamka." "Limemwaga uji." Dakika ya sita, injini inazimika, Dadi anapiga magoti, na kwa mara ya kwanza anasema, "Amechoka." Li- imekuwa a-. Hakuna mahakama, hakuna muhuri, upatanisho wa kisarufi ndio unaowaasili. Nilikuwa nimeipata ile siku ya Nanguruwe, mzee aliposema "huyu." Nilimweleza kila mtu. Nilimweleza mpaka mteja wa kulamineti cheti.

Basi. Shuka likawaka, Somoe akaunga nyaya, taa ya Baba Kinu ikapepesa. Dadi kwenye filamu: "Lidude limeamka!" Na uani, watoto kwa pamoja: "Kaamka! Kaamka huyo!" Sekunde ya hamsini. Tangu hapo ni ka- na ka- tu: kaanguka, kapiga pasi, kaikata tiketi, mwone kanuna. Kwenye kimya cha "piga kimya" walikosa pumzi kwa kicheko, mmoja alijigaragaza mpaka nje ya mkeka, na niseme ukweli, hiyo nitaikumbuka. Lakini dakika ya sita ilipofika, "Amechoka" ikapita kama jina la kituo cha daladala. Mtoto mmoja akauliza kama juisi ipo. Wao walishampa a- yake zamani, Dadi alikuwa anawaambia habari ya jana.

Mahali walipowaka ni pale nisipopategemea. Mjomba anaingia, anampiga teke Baba Kinu, anasema, "Toeni hili dude nje." Binti wa miaka kama sita hivi, kimya usiku wote, akasimama na kuliambia shuka: "Siyo dude! Ni baba yao!"

20 Julai

Tumebishana kuanzia asubuhi. Mwalimu anasema kosa ni langu, umeshamwita Baba, unategemea mtu aseme li-? Nikamwambia hata kabla hajatajwa jina walishasema kaamka. Kwa sababu ana macho, akasema Dogo. Kwenye ngano zetu chochote chenye akili kinapata a-: Sungura anasema, Fisi anajibu. Mwalimu akamuuliza, na zimwi je? Zimwi linasema, lina macho, lina akili ya kula watu, na bado ni "zimwi likujualo halikuli likakwisha." Dogo akanyamaza. Mimi nikaona njia.

Li- ya zimwi haisemi kwamba kitu hakina uhai. Inasema, mimi nakiogopa au sikitaki. Watoto wa uani hawakumwogopa Baba Kinu hata sekunde moja, ndiyo maana li- haikuwaingia. Wenye kuogopa ni watu wazima. Kwa hiyo tumewapa wao. Mjomba anasema lidude, limefanya hivi. Afisa ustawi anasema kifaa, kina nyaraka? Mwenyekiti wa mtaa anasema mashine, inalipiwa ushuru? Jirani anasema mtambo, unapiga kelele usiku. Kikao kimoja, kiumbe kimoja, ngeli nne, na karani wa kuandika muhtasari anashindwa kuandika sentensi hata moja maana kila akianza anabadilishiwa kiambishi. Watoto kwenye kona wanarudia neno moja tu: "Huyu." Mwalimu aliandika ukurasa mzima bila kuinua kalamu.

Mwalimu pia alikuwa amesoma kwamba neno lenyewe roboti limetoka kwenye Kicheki, kwa mwandishi Karel Čapek, mwaka 1920, kutoka robota, kazi ya kulazimishwa. Shokoa, kwa maneno ya wazee wetu. Toka hapo hatutumii tena "roboti" mahali popote kwenye filamu. Halina kazi.

Na kilele? Kilele tumempa Mjomba. Ameshinda kikao chote akipiga meza, lidude, lidude. Jioni imeingia, kikao kimeahirishwa, harufu ya samaki wa nazi inatoka jikoni, ugali wa muhogo umesongwa. Mjomba anameza mate. Anauliza bila kufikiri, "Kapika nini leo?" Watu wote wanageuka. Anajaribu kujirekebisha: "Li… lime… pika." Mama Cherehani anamwekea sahani.

2 Agosti

Dadi halii tena popote kwenye filamu. Nilimpelekea kijana mstari mpya: Mjomba akisema lidude, Dadi anasimama, anasema, "Mjomba, sema huyu." Aliusoma mara mbili. Akauliza, "Anasema kwa adabu lakini, siyo?" Nikamwambia kwa adabu. Amerekodi mara moja, haikuhitaji ya pili.

Sekunde 94 za kuchora upya, karibu zote midomo.

10 Agosti

Nimepeleka laptopu Nanguruwe. Mzee wa mashine alizima injini ili asikie, wateja wakasogea na ndoo zao. Kwenye "piga" alitabasamu. Kwenye shikamoo ya bamba alicheka kwa sauti na kuipiga injini yake kofi la mgongo. Ilipofika pale Baba Kinu anasugua nywele za Kibwana kwa vidole viwili, hakucheka, akatazama mkono wake mwenyewe, akaufuta unga kwenye suruali.

Mwisho akaniambia, "Nzuri. Ila umemzungusha kinyume."

Nani?

"Huyu. Gurudumu lake. Angesaga hivyo angekurushia mkanda usoni."

Tukaiwasha injini nikaangalia. Kweli, kinyume, kuanzia fremu ya kwanza mpaka ya mwisho. Gurudumu ni mzunguko wa michoro minane tu, kuugeuza ni dakika tano. Kurenda ni saa 56 upya. Nimeianza saa mbili usiku huu na mpaka naandika hapa umeme upo.